Jina Hurudishwa Lilipochukuliwa

Kuna siku moja, mwanangu, hunirudia kila ninapomsikia mtu akisema, "Nimeshaomba samahani, wanataka nini tena?" Ilikuwa siku ya jua kali hapa mtaani kwetu Buyenzi, nami nilikuwa msichana mwenye hasira, nimesimama mlangoni petu namwaga sukari barabarani. Ndiyo, sukari, tena wakati ambao sisi wenyewe tulikuwa tunakunywa chai isiyo na kitu ndani yake. Mama alishika kichwa. Baba hakupiga kelele. Aliniambia maneno machache tu, na hayo ndiyo ninayotaka kukuachia. Ila ngoja kwanza nikueleze ile sukari ilitoka kwa nani na kwa nini niliimwaga, maana nasaha bila kisa chake ni mchuzi bila chumvi.

Baba yangu aliitwa Fundi Shabani. Alikuwa na garaji ndogo ya mabati, katikati ya zile garaji zilizobanana ambako mpaka leo ukipita unasikia nyundo kabla hujasikia salamu. Hakuweka kibao mlangoni. Mtu gari lake likimgomea kule Asiatique, mtaa wa wafanyabiashara, alikuwa anaambiwa, "Peleka kwa Shabani," na hilo jina ndilo lilikuwa kibao chake, ndilo lilikuwa shamba lake na ng'ombe wake.

Alikuwa na kijana aliyemfundisha kazi, Hamisi. Huyu Hamisi alikuja kwetu baada ya kufiwa na baba yake, akakua akila nasi sinia moja, nami nikimwita kaka. Mikono yake ilikuwa myepesi kwa kazi. Mdomo wake ulikuwa mwepesi zaidi. Baba alizoea kumwambia, "Hamisi, ukifunga mdomo, hizo bolti zitajifunga zenyewe," na wote wanacheka. Alimpenda. Hilo lishike, mwanangu, maana kosa la mtu baki hukwaruza, lakini la mtu wa nyumbani hukata.

Siku ya ajali walikuwa na kamioneti, gari dogo la mizigo, ya mfanyabiashara mmoja. Walitoa petroli yote kwenye tangi wakaimimina kwenye debe, ili chuma kilichovunjika pale chini kiweze kuchomelewa. Baba akamwambia Hamisi, "Kabla hujawasha, toa debe nje." Hamisi akasema, "Ndiyo, Fundi." Baba akatoka barabarani kuzungumza na mteja mwingine aliyekuwa anapita njia. Akapita rafiki yake Hamisi, wakaanza kutaniana, na lile debe likabaki pale pale mlangoni, wazi. Hamisi akawasha mashine ya kuchomelea.

Cheche haina haja ya kubisha hodi.

Baba alipogeuka aliona moto umeziba mlango, na Hamisi yuko nyuma yake, kati ya moto na ukuta. Pale hakukuwa na mlango mwingine. Baba aliingia akalishika lile debe linalowaka kwa mikono yake miwili, akalitupa nje barabarani. Hamisi akatoka na shati lililoungua pembeni, mzima. Mikono ya baba sitakueleza ilivyokuwa. Mama aliiona akakaa chini palepale kwenye oili.

Wakamkimbiza hospitali. Baada ya muda yule mfanyabiashara akafika, akaikuta kamioneti yake imeungua ubavu mzima, akafoka mbele ya mafundi wote, "Ni nani amefanya hivi? Nani?" Watu wakamwangalia Hamisi, kwa sababu ndiye aliyekuwa ndani.

Hamisi akasema, "Ni Fundi. Alikuwa anavuta sigara."

Sasa, uongo mtupu huwa haufiki mbali. Unaofika mbali ni ule uliochovya kidole kwenye ukweli. Baba alikuwa anavuta sigara kweli, jioni, akikaa kizingitini kwetu. Kazini hakuwahi hata siku moja. Lakini nani angesimama kuapa? Watu wakatikisa vichwa. "Kumbe Shabani! Mtu mzima vile!" Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hamisi alijikwaa vyote viwili mchana mmoja, dole kwa lile debe, na ulimi kwa neno lile. Na nakuhakikishia, mwanangu, kilichotuua sisi si debe.

Baba alipopata nguvu za kusema, alieleza mara moja tu, kwa watu waliokuja kumwona hospitalini. Nilikuwapo. Nikaona macho yao yanavyoangalia sakafu. Walimhurumia, lakini hawakumwamini. Walimwona ni mtu aliyeungua anayetafuta wa kumtwika aibu yake. Uongo ulikuwa umemtangulia, umeshakaribishwa kila nyumba na kupewa kiti. Baba akanyamaza, hakulisema tena. Na Hamisi hakuonekana hospitalini, wala nyumbani. Alitoweka Buyenzi.

Mikono ilipona kwa jinsi ilivyopona. Vidole vilijikunja kama tangawizi, havikushika tena spana wala kijiko. Garaji ikachukuliwa na mtu mwingine. Mama akaanza kukaanga maandazi na kuyatembeza mpaka kule sokoni tangu asubuhi hadi jioni, na kwa kuwa baba hakuweza kujivika shati wala kujilisha wala kujimwagia maji ya udhu, ilibidi mtu abaki naye. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nasoma, tena nasoma vizuri, nikijiona tayari nimevaa blauzi nyeupe ya unesi. Nikaviweka vitabu juu ya kabati. Hakuna aliyeniambia niache shule. Hakuna aliyehitaji kuniambia.

Basi mwaka ukaja na kwenda, mpaka ile siku ya jua kali. Nilisikia hodi, nikafungua, nikamkuta Hamisi. Amekonda, amebeba mfuko wa sukari na kitenge cha mama, na jogoo amefungwa miguu. Akapita karibu na mimi bila kuniangalia usoni, akaingia hadi sebuleni, akapiga magoti mbele ya baba.

"Fundi, mbabarira," alianza kwa Kirundi, kisha akaendelea kwa Kiswahili chetu, "unisamehe. Mi nilikuwa na woga tu. Nimepata kazi Kajaga, kule ziwani, natengeneza moteri za mashua. Lakini silali muzuri. Nimekuja yaishe."

Mama alianza kulia. Nami sikungoja jibu la mtu. Niliuchukua ule mfuko nikatoka nao mlangoni, nikaupasua, nikamwaga sukari yote barabarani, watu wakitazama. Nikarudi kumchukua jogoo. Ndipo baba akaniita.

"Zubeda."

Nikasimama.

"Muache jogoo. Na weye kaa." Nilipokaa akasema, "Mutu akitoka kwenye kosa lake anarudi kwako, njia yake tayari ni ndefu. Usiende kumuchimbia shimo njiani. Usimubebe, apana. Lakini usimuchimbie shimo."

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kusema, wewe unamtetea huyu? Lakini baba alikuwa ameshamgeukia Hamisi, na sauti yake haikuwa ya kutetea mtu.

"Hamisi, nilijua uko Kajaga. Watu waliniambia zamani. Wengine walitaka kwenda kukuburuta. Nilikataa, kwa sababu mutu akiburutwa anakuja mwili peke yake. Leo umekuja na miguu yako, hilo nimeliona. Sasa niambie, ule uongo uliusema wapi?"

Hamisi akainamisha kichwa. "Kule, Fundi. Kwenye magaraji."

"Mbele ya nani?"

"Ya watu wote."

"Na leo unaniomba radhi wapi?"

Hamisi akatazama kuta za sebule.

"Chumbani," baba akasema. "Umenivua nguo barabarani, unataka kunivika chumbani, wakati wale walioniona uchi wako kule kule. Chukua jogoo wako. Mi sina kisasi na weye. Lakini jina langu haliko humu ndani. Uliliangusha kule, kaliokote kule."

Hamisi akamwangalia. "Fundi, nikisema vile, nani atanipa kazi tena? Na wale wa Kajaga wakisikia... Fundi, kuna musichana, wazazi wake wamekubali..."

"Najua ni nzito," baba akasema. "Mi nimeibeba mwaka muzima. Sasa ni zamu yako."

Hamisi alitoka na jogoo wake. Mimi nikasema, na nilisema kwa furaha mbaya, "Umeona, baba? Hatarudi." Baba akanijibu, "Pengine. Lakini nimemupa mulango. Asipopita, kosa si la mulango."

Siku zikapita. Nilianza kuamini nimeshinda. Halafu asubuhi moja mtoto wa jirani alikuja akihema, "Hamisi yuko kwenye magaraji, anamuita Mzee Shabani!" Nikamvika baba kanzu yake, tukatembea. Tulipofika tukamkuta Hamisi amesimama mbele ya ile iliyokuwa garaji yetu, mafundi wameacha nyundo, watu wamesimama mpaka kwenye maduka ya vipuri. Na yule mfanyabiashara wa kamioneti alikuwapo pia. Hamisi mwenyewe alikwenda Asiatique kumwomba aje.

Hamisi alianza. "Ndugu zangu, mnakumbuka hapa kulitokea ajali. Makosa yalifanyika, na maneno yakasemwa..."

Baba akainua mkono wake uliokunjamana. "Hamisi. Makosa hayajifanyi. Yana mwenyewe."

Mwanangu, nimefundisha watoto miaka mingi, nimesikia watu wengi wakiomba radhi, na karibu wote hujificha palepale Hamisi alipotaka kujificha. "Yalitokea. Yalifanyika. Kama kuna aliyeumia." Maneno yasiyo na mtu ndani yake. Hamisi akaanza upya.

"Ni mi. Fundi aliniambia nitoe debe, sikutoa. Nilikuwa napiga stori. Ni mi nilileta ule moto. Yeye hakuvuta sigara. Aliingia kunitoa mi, ndiyo akaungua. Na nilipoulizwa, nilisema ni yeye. Nilisema uongo juu ya mutu aliyeniokoa."

Maneno yakaja kama mvua. Mmoja akamtemea mate miguuni. Mwingine akasema, "Na sisi tulikuwa tunamucheka mzee!" Yule mfanyabiashara alimwendea baba, akataka kumpa mkono, akakumbuka, akamshika bega badala yake, akasema, "Mzee, nilikusema vibaya kila mahali nilipokaa." Baba akamjibu, "Basi na weye unajua pa kwenda." Na yule bwana alikwenda kweli, duka kwa duka, nilikuja kusikia baadaye. Uongo wa mtu mmoja ulikuwa umepita midomo mingi, na kila mdomo ulikuwa na safari yake ya kurudi.

Hamisi alilipa alichokuwa anakiogopa. Wenye mashua wa Kajaga walimwambia asirudi. Wazazi wa yule msichana wakarudisha posa. Jioni moja baadaye alikuja kwetu akasimama kizingitini, hana hata mfuko mkononi.

"Fundi, nimesema. Sasa yameisha?"

Nikitazama nyuma, naona pale ndipo baba angeweza kusema, ndiyo, nenda. Kila mtu angemsifu. Lakini baba hakuwa mtu wa kumdanganya mtu aliyemlea.

"Jina umelirudisha," alisema. "Mungu akulipe kwa hilo." Kisha akaiweka mikono yake juu ya magoti, wazi, tuione wote. "Hii sasa, itarudishwa na nani? Weye huwezi. Mi siwezi. Na huyu," akanielekezea kidevu, "aliacha shule ili awe mikono yangu. Hilo ulikuwa unalijua?"

Hamisi hakuwa analijua. Naapa nilimwona uso wake ukianguka. Alidhani kosa lake limempata mtu mmoja tu. Hivyo ndivyo lilivyo kosa, mwanangu: unalirusha kama jiwe kwa mtu mmoja, kumbe nyuma yake kuna watu wamesimama. Mtenda husahau, mtendewa hasahau, na kuna mtendewa ambaye mtenda hata hajawahi kumhesabu.

Akanigeukia. "Zubeda, dada yangu, nisamehe."

Nikasema, "Apana."

Mama akanikemea, "Zubeda! Musamehe kaka yako!"

Baba akamkatiza mama, naye hakuwa na kawaida ya kumkatiza. "Muache. Haki yangu ni yangu, nitajua la kuifanya. Haki yake iko mukononi mwake. Siwezi kumusamehea. Wala weye. Hata Mungu Mwenyewe, haki ya mutu anamwachia mwenyewe."

Hamisi akaondoka. Nikadhani sasa imekwisha, kwa ubaya au kwa uzuri. Alfajiri, kabla jua halijatoka, nikasikia hodi. Nikachungulia. Ni Hamisi. Nikarudi kulala, sikufungua. Asubuhi tulipofungua mlango tulimkuta amekaa palepale, amejaza mapipa yetu yote ya maji. Akasema, "Nimekuja kumupa Fundi maji ya udhu." Nikamwambia hiyo ni kazi yangu. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Hakuniomba tena nimsamehe. Hilo ndilo jambo lake lililonichosha hasira polepole. Alikuja kila siku iliyoamka, mvua ikinyesha, tope la Buyenzi likifika vifundoni. Alimwaga maji, baba akatawadha. Akamvika, akamfunga vifungo, akamlisha uji. Mwanzoni baba alimwagikiwa na uji kidevuni, maana Hamisi hakujua kulisha mtu, nami nilikuwa nasimama pembeni nafurahia. Akajifunza. Mchana alipata vibarua vya kubeba mizigo, kwa kuwa hakuna garaji iliyomtaka, lakini saa za chakula alirudi. Majirani wakamcheka: fundi mzima kawa yaya. Aliendelea. Siku moja nilimwambia kwa kejeli, "Unajichosha bure, mimi sitakusamehe." Akanijibu bila kugeuka, "Sijakuja kununua msamaha wako. Nimekuja kukurudishia asubuhi zako. Zichukue."

Sikuzichukua siku ile, wala wiki ile. Kiburi kina miguu mizito. Ila siku moja nilivishusha vitabu vyangu juu ya kabati, nikapangusa vumbi, nikaenda kumwona mkuu wa shule. Nikakaa benchi moja na watoto niliowazidi kimo na umri, wakiniita "mama" kwa utani. Nesi sikuwa, niseme kweli. Wakati wa unesi ulikuwa umenipita, na hakuna aliyeweza kuurudisha. Nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Nimeipenda kazi yangu. Lakini ile blauzi nyeupe bado huwa naiota, na nakuambia hili ili usidhani kwamba kulipa kosa hufanya kosa lisiwepo. Maji yakimwagika hayazoleki. Kinachowezekana ni kwenda kisimani kumtekea mwenzako mengine, kwa kichwa chako mwenyewe.

Baba alirudi kwenye magaraji, kwenye kijisehemu walichompa mafundi wenzake. Alikaa kwenye kiti, anasikiliza injini, anaelekeza, na Hamisi ndiye aliyekuwa mikono yake. Wateja wakaanza kuja tena, kwanza kwa huruma, kisha kwa sababu magari yalitengenezeka. Asubuhi moja, akiwa amekwisha tawadha, baba alimwambia mbele yangu, "Hamisi, nimekusamehe. Hapa moyoni hakuna kitu. Kesho lala, usije."

Kesho yake Hamisi alikuja. Baba akamuuliza, "Sikukuambia usije?" Akasema, "Mpaka jana nilikuwa nalipa. Leo nimekuja kukusalimia." Akachukua birika.

Mimi na Hamisi tukawa tunasalimiana. Tukawa hata tunacheka. Neno lenyewe sikulitoa. Nilikuwa nalishikilia kama mtu anayeshikilia ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena. Miaka ikaenda, yeye akaoa mwingine, mimi nikaolewa, na baba akazeeka.

Baba alipofariki, watu walijaa mpaka nje. Jeneza lilipokuwa tayari kutoka, baba yangu mdogo alisimama kama ilivyo desturi yetu, akauliza kama kuna anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aseme kabla hajaenda kaburini. Kisha Hamisi, na mvi zake sasa, akasimama katikati ya wanaume.

"Mzee huyu alikuwa na haki juu yangu," alisema. "Wakubwa mnaijua. Alinisamehe kwa mudomo wake, Mungu ni shahidi. Lakini najua kosa langu liliingia nyumba nzima. Kama kuna kilichobaki, kisimufuate yeye kaburini. Kibaki na mi. Nipo hai, nitakibeba."

Hakuangalia upande wa wanawake. Hakuniita jina. Angeniita jina mbele ya watu wale, nadhani ningekaza moyo. Nilisimama mwenyewe.

"Kilichobaki kilikuwa changu," nikasema. "Nami nimekusamehe, kaka yangu. Mchukue baba."

Akafunika uso wake kwa mikono. Kisha akasogea akaweka bega chini ya jeneza, pamoja na jamaa zetu, wakatoka.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikuambie niliyoyaelewa, maana uzee bila kusema ni kisima kilichofunikwa.

Kosa si doa kwenye nguo yako wewe. Wengi wetu tukikosea tunakimbilia kujifua: nijisikie vizuri, nilale vizuri, yaishe. Hamisi siku ya kwanza alikuja hivyo, alikuja kutafuta usingizi wake. Lakini kosa ni kitu ulichokitoa kwa mwenzako, na kiko mahali, kinakosekana huko. Kwa hiyo kabla hujaomba radhi, jiulize nimechukua nini, na nimekichukua kwa nani, na nyuma yake amesimama nani. Kama ulichukua jina la mtu hadharani, usimrudishie kwa ujumbe wa simu saa ambayo hakuna anayeona. Nyinyi siku hizi mnamtukana mtu kwenye kundi la watu mia, kisha mnamwandikia peke yake "pole". Apana. Rudi kulekule. Sema kwa jina lako, sema "mimi nilifanya", usiseme "yalitokea". Utaona haya. Haya hiyo ni dawa, inywe. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na aliyemvua ndiye anayepaswa kumletea shuka.

Ukishasema, fanya. Na ukifanya, usisimame kila jioni mlangoni kwa mtu ukiuliza kama tayari. Msamaha si mshahara. Anaweza kukupa leo, anaweza kukupa ukiwa na mvi, anaweza asikupe kabisa, na bado maji ya udhu lazima yachotwe. Shikilia. Toba ni kazi ya mtu mwenye shingo ngumu kwa wema. Aliyeichoka njiani hakuwa ametubu, alikuwa amejuta tu, na kujuta hata mwizi aliyekamatwa anajua.

Na kama wewe ndiwe uliyekosewa, usikubali mtu akukimbize. Baba yangu hakuniruhusu nichimbe shimo, lakini pia hakuruhusu mtu anisukume. Chukua muda wako. Ila usiufanye muda huo kuwa makazi. Mimi nilikaa humo kupita kiasi, na nakuambia kwa kujua, ni nyumba ya baridi.

Nchi yetu hii imebeba mengi mazito, mengine yanapita kimo changu, sitayasema. Mimi ni mwalimu mzee wa Buyenzi, najua ya mlango kwa mlango. Lakini nimeona kwamba mlango mmoja ukitengenezwa, jirani naye huenda kuangalia wake.

Nenda basi, mwanangu. Yule unayemfikiria tangu nilipoanza kusema, unamjua, nami sikuulizi jina lake. Inuka uende kwake kungali mchana. Mola akupe ulimi usiokwepa na miguu isiyogeuka njiani. Akujaalie watu wa kukuambia ukweli bila kukufukuza. Akuzeeshe na jina zima, na siku yako ya kutoka nyumbani mara ya mwisho, watakapouliza ni nani mwenye haki juu yako, wote wanyamaze kwa kuridhika. Amin.